Mawimbi Yanayochoka Njiani

Madamu alikuwa na tabia ya kugonga vitu. Akiingia dukani kwangu, hata kabla ya salamu, anagonga meza ya kukatia vitambaa kwa vidole viwili, anainamisha kichwa, anasikiliza. Akipita kwenye vibanda vya mtaa wetu wa Mbugangari anagonga nanasi, anagonga mlango wa bati, anagonga ukuta wa nyumba inayojengwa mpaka mwashi anamuuliza kama anataka kuinunua. Wageni walidhani ana shida ya kichwa. Sisi majirani tulishamzoea. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari iliyo juu ya mtaa wetu, na upande wetu wa Gisenyi, mji wa mpakani kando ya ziwa, ukisema "Madamu" tu, bila jina, kila mtu alijua unamsema nani.

Mimi ni fundi cherehani. Nimekuwa jirani yake tangu mwanangu wa kwanza, Saidi, yuko mgongoni, na leo Saidi ana ndevu. Sikusoma fizikia. Nilisoma Kurani, hesabu kidogo, na kushona. Lakini ukikaa miaka na mtu wa namna ile, mambo yake yanakuingia utake usitake.

Siku moja alikuja akitaka masalio ya godoro.

"Mama Saidi, iko na sponji?"

"Iko, Madamu. Nikushonee nini?"

"Hapana kushona. Ni ya kufundisha. Weka sikio ku meza."

Nikaweka sikio upande mmoja wa meza yangu. Yeye akaenda upande wa pili, akakwaruza mbao kwa ukucha, taratibu. Nilisikia kama panya ananitafuna ndani ya kichwa. Kisha akaweka kipande cha sponji juu ya meza, akanilaza sikio juu yake, akakwaruza sponji upande wa pili vilevile.

"Sasa?"

"Sisikii kitu."

"Bon. Mi nimeacha kukwaruza?"

"Hapana, nakuona unakwaruza."

"Donc, mutetemo iko. Sponji imeikula njiani." Akacheka kwa furaha kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anaona jambo hilo. "Mwamba ya baridi, ngumu, ni meza yako. Mwamba yenye imepata moto sana, yenye inakaribia kuyeyuka, ni sponji. Tetemeko ikipita mule, inafika hapa imechoka."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi nyumba ya tatu kutoka kwangu, spika kubwa kama makabati. Tulikuwa ndani tunakunywa chai, milango imefungwa. Akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia nasikia ngoma, dum, dum. Akauliza, na mwimbaji? Nikasikiliza. Mwimbaji hayupo. Tukatoka nje mpaka getini kwa wenye harusi: kumbe mwimbaji yupo, anaimba mpaka mishipa ya shingo imesimama.

"Unaona?" akasema. "Ukuta inamaliza kwanza sauti nyembamba, zenye kutetemeka haraka. Zile nzito za polepole zinapita. Na chini ya ardhi ni hivyo. Tetemeko ya mbali ikinifikia na dum-dum peke yake, ninajua imepita fasi ya laini, mahali kama sponji."

Tangu siku ile sijawahi kusikia harusi ya jirani nikaacha kumtafuta mwimbaji.

Alikuwa na neno moja ambalo mimi kama fundi lilinifurahisha. Chini ya ganda la juu la dunia, alisema, kuna tabaka nene mno la mwamba, na vitabu vya Kiswahili vinaliita koti. Nikamuuliza kama koti hilo lina bitana. Alicheka hadi akamwaga chai. Halafu akakaa sawa, akanieleza kwamba huku kwetu, kwenye ziwa na milima ya moto, bara linapasuka polepole, na koti lenye moto limepanda juu kuliko mahali pengine. "Watu wengine koti yao iko mbali na ya baridi. Sisi tumekalia ya moto."

Mtu huyu aliyeishi na matetemeko aliogopa sufuria ya presha. Ikianza kupiga filimbi jikoni kwangu, anatoka na kikombe chake na kusimama barabarani mpaka nizime. Honi ya pikipiki inamrusha. Lakini ardhi ikitikisika, uso wake unang'aa kama mtu aliyepigiwa simu na ndugu wa mbali. Aliimba kwaya kanisani kwao, na aliimba vibaya. Binti mmoja wa kwaya, alipokuja kupimwa sare, aliniambia walimpanga nyuma karibu na spika ili asisikike. Mtu aliyeweza kutazama mstari kwenye kompyuta akakwambia ni sauti gani nyembamba imekosekana, hakuweza kushika sauti moja mpaka mwisho wa ubeti. Nilipomtania alisema, "Mungu iko na masikio yake. We shona."

Darasani alipiga kelele, nje ya darasa pia alipiga kelele, lakini nyuma ya shule alitembea kama paka. Huko kulikuwa na kijumba cha zege, na ndani yake kipima mitetemo, chombo cha chuma chenye umbo la chungu, kilichowekwa na taasisi moja ya utafiti. Yeye ndiye aliyepewa ufunguo. Chombo kile kilisikia kila kitu: lori la bia likipanda kilima, wanafunzi wakikimbilia chakula, hata mawimbi ya ziwa siku ya upepo. Mwanafunzi akikimbia karibu na kijumba alikiona cha moto. Wakubwa wa elimu walimwomba awe mkuu wa shule nyingine, ndani ya nchi, mbali na ziwa, nyumba ya bure. Alikataa. Ndugu zake hawakumwelewa. Mimi nilimwelewa kidogo tu, kwa sababu hata mimi cherehani yangu ya kwanza sikuiuza.

Swali alilolichukia ni moja: lini? Watu walimsimamisha sokoni, hata msikitini kwetu walimtuma mzee mmoja aje kumuuliza kwa heshima.

"Mwalimu, tetemeko lingine litakuja lini?"

"Sijui, mzee wangu."

"Hata kwa kukisia?"

"Hata kwa kukisia. Na mutu yeyote anakuambia anajua siku, mufungie mulango."

Mzee aliondoka amevunjika moyo. Nikamwambia Madamu angeweza kumpa hata neno la kumtuliza. Akasema neno la kumtuliza ambalo si kweli litamlaza ndani ya nyumba siku asiyopaswa kulala ndani.

Kisha ikaja ile mitikisiko iliyofuata baada ya mlima wa moto wa ng'ambo ya mpaka kumwaga moto. Watu wa hapa hawahitaji kusimuliwa. Ardhi haikutulia, barabara zilipasuka, familia zilipanda kuelekea ndani ya nchi na magodoro kichwani. Mimi nilibaki, nilikuwa na kazi za watu, na kusema kweli nilikuwa nimejipa moyo kwa maneno ya Madamu: si tumekalia sponji? Mawimbi si yanakufa njiani?

Asubuhi moja ukuta wa duka langu ulipasuka kutoka juu hadi kwenye dirisha. Madamu alipokuja kunitazama nilimvamia kwa maneno hata hajavuka kizingiti.

"Madamu, wewe ulisema chini yetu kunameza mawimbi! Ulinilaza sikio mezani! Mbona ukuta wangu umepasuka?"

Hakukasirika. Aligonga ukuta, akasikiliza, akagonga tena chini zaidi. Uso wake ukabadilika.

"Mama Saidi, mawimbi yanachoka njiani. Haya hayana njia. Yanatoka hapa-hapa, chini ya miguu yetu. Mutu akikupiga kofi ya karibu, hewa itapunguza nini? Shika cherehani upande ule. Tunatoka."

"Nina gauni la bibi harusi—"

"Na gauni pia. Sasa."

Tulibeba cherehani, yeye upande mmoja, mimi mwingine, tukaiweka chini ya turubai ng'ambo ya barabara. Alirudi akachukua gauni mwenyewe, akalitoa limeninginia mkononi kama mtoto aliyelala. Tulikuwa bado tunabishana tuliweke wapi ardhi ilipotikisika tena, na ukuta wote ukaanguka ndani. Tofali zilifunika kiti changu. Vumbi lilipotulia nilikiona mguu mmoja tu wa kiti, umeelekea juu.

Wallahi, mimi nilitetemeka kuliko ardhi. Madamu alinishika mabega hadi nikaweza kusema "Alhamdulillahi". Halafu, badala ya kunipa pole, akaanza kunieleza habari za nguzo za chuma kwenye pembe za nyumba na mkanda wa zege juu ya madirisha. Nilijenga hivyo hivyo alivyosema. Duka liko pale, limetikiswa mara nyingi tangu hapo, na rangi yake haijapasuka.

Lakini ninachotaka hasa mtu akijue juu yake ni habari ya kipima mitetemo.

Alikuwa ameanza masomo ya udaktari wa fizikia chuoni akiwa na umri ambao wenzake wanaanza kuulizia pensheni. Kazi yake yote ilisimama juu ya jambo moja aliloliona kwenye chombo kile. Matetemeko yaliyotoka kaskazini, ng'ambo ya milima ya moto, yalifika Gisenyi yamefifia: sauti nyembamba hamna, na lile wimbi la pili, linalotikisa kando na ambalo haliwezi kupita kwenye kitu kilichoyeyuka, karibu halionekani. Yeye alisema sababu ni njia: yamepita kwenye mwamba wenye moto chini ya milima, wenye mifuko ya mwamba ulioyeyuka.

Akaja mtaalamu kutoka ile taasisi, mtu mzima, mpole, mwenye uchovu wa safari. Alikagua chombo, akatazama michoro, akasema chombo kimeharibika. Kinachora mambo nusu nusu. Kiondolewe, na kazi iliyofanywa juu yake isihesabiwe.

Jioni ile Madamu aliingia dukani na hakugonga kitu. Alikaa kwenye benchi la wateja.

"Wanasema ni bintu bya bure," alisema, yaani vitu visivyo na maana. "Yote."

Nilimtilia chai. Aliishika hadi ikapoa, kisha akaiweka chini, akasimama. "Reka!" alisema, yaani acha, kwa sauti ile ya darasani. "Kama ni chombo, alete ingine."

Kesho yake nilikuwa shuleni kuchukua vipimo vya sare, na nilisikia mazungumzo yote, kwa sababu Madamu hakuwahi kujua kuongea chini.

"Madamu, sina ubaya nawe," mtaalamu alisema. "Lakini chombo kibovu hakisemi kweli."

"Ndiyo, Monsieur. Basi lete kizuri. Ukiweke kando ya hiki, vyote viwili visikilize pamoja. Vikitofautiana, nitakufungulia mulango ubebe changu."

Yule bwana alifikiri. Nampa heshima yake: angeweza kukataa, maana uamuzi ulikuwa wake. Alienda kwenye gari, akatoa chombo chake mwenyewe, kipya, akakifunga kando ya kile cha zamani. Mimi niliitwa kukishonea kifuniko cha kitambaa na sponji, kisipigwe na upepo wa mlangoni. Akaondoka.

Tukangoja. Kusini palitikisika, kaskazini kimya. Madamu alikonda. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiiombea ardhi itikisike, kisha anaomba msamaha kwa Mungu, kisha anaomba tena, ila itikisike kidogo tu, na mahali pasipo na watu.

Mchana mmoja simu ikalia. "Mama Saidi! Kuja! Kuja sasa hivi!" Nilipanda kilima na futi yangu ya kupimia shingoni. Nilimkuta mbele ya kompyuta, amevua viatu, kumbe alikuwa amekimbia kutoka darasani, yeye aliyewaadhibu watoto kwa kukimbia. Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Hata mimi nisiyejua kusoma michoro ile niliona ni mapacha. Yote imefifia mahali palepale, kama penseli iliyokwisha.

"Vyombo viwili," alisema, "jibu moja."

Mtaalamu alirudi. Alikubali kwamba chombo ni kizima. Lakini hakuwa mtu wa kukubali haraka, na nadhani ndiyo sababu Madamu alimpenda baadaye.

"Labda ni ardhi ya hapa chini ya kijumba," alisema. "Ni majivu ya volkano, laini. Labda yenyewe ndiyo inayozima."

Niliona mabega ya Madamu yakishuka, nikadhani amekwama. Kumbe ni nafuu. Hilo ndilo swali alilokuwa akilingoja.

"Kama ni ardhi ya hapa, itazima yote, ya kaskazini na ya kusini. Ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo."

Akafungua michoro ya matetemeko ya kusini, yaliyotoka chini ya ziwa, ya ukubwa uleule na umbali uleule. Yalikuwa makali, yamechongoka, wimbi la pili limesimama wima.

"Mulango ni moja, Monsieur. Mugeni wa kusini anaingia muzima. Wa kaskazini anaingia amechoka. Basi mulango haiko na shida. Shida iko ku njia."

Yule bwana alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akatazama tena kaskazini, kusini, kaskazini. Kisha akaanza kucheka, kicheko kizuri cha mtu aliyepewa zawadi. Alimpa Madamu mkono, akasahau kuuachia. "Kiache chako," alisema. "Na changu nakiacha pia."

Siku ya kutetea kazi yake chuoni tulijaza basi dogo: kwaya, walimu, wanafunzi wa zamani, na sisi wanawake wa Mbugangari. Nilimshonea kitenge cha buluu, mikono mirefu, maana alikataa katakata mabega ya kuvimba. Ukumbini walikaa maprofesa mbele yake, na mmoja wao, mkavu wa uso, akamuuliza jambo hilo linawasaidia nini watu wa mji wake.

Nilishika benchi.

Madamu alisimama wima. Akaacha maneno ya kitabu, akaeleza polepole. Alisema tukijua ni wapi chini yetu kuna mwamba wenye moto na wapi kuna mgumu, tutajua tetemeko la upande upi litatufikia na nguvu na la upande upi litafika limechoka, na mjenzi atajua ajikinge na nini. Na pia, alisema, sehemu laini ikianza kukua, mawimbi yanayopita mule yatatuambia kabla macho hayajaona kitu. "Siwezi kuwaambia watu wangu siku," alisema. "Lakini ninaweza kuwaambia wamekalia nini. Hiyo ni haki yao."

Walitoka kushauriana, wakarudi. Yule mkavu wa uso ndiye aliyesoma uamuzi, na alipofika kwenye neno "daktari" hakumaliza sentensi. Wanawake wa Mbugangari tulipiga vigelegele, zile impundu za kwetu, mpaka walinzi wakaja mlangoni kutazama. Mwalimu mwenzake mmoja alilia waziwazi. Madamu mwenyewe alisimama katikati, akizungusha macho kama anatafuta ni nani aliyeshinda.

Kwenye basi, tukirudi, wote waliimba. Alikaa kando yangu dirishani, akitazama nje, mpaka tulipoanza kuteremka na ziwa likaonekana chini, pana, limetulia. Ndipo akasema, "Mama Saidi, walisikia." Nikamwambia ndiyo, walisikia.

Ameshastaafu ualimu sasa. Alihamia karibu na dada yake, nyonga inamsumbua, na tukaonana mara chache. Mara ya mwisho ni mwaka huu, nilipokuwa napeleka sare za shule Goma. Nilikuwa kwenye foleni ya mpakani, pale Grande Barrière, mzigo miguuni, nikamwona ametangulia mbele: ana fimbo, amenenepa kidogo, kofia ya jua. Kando yake yule mtaalamu wa taasisi, nywele zimemwisha, na vijana wawili wa chuo, msichana na mvulana, na gari lililojaa masanduku ya chuma.

Nilimwita. Aligeuka, akaacha foleni na watu wake, tukakumbatiana mpaka walio nyuma wakalalamika. Aliniambia wanaenda kuweka vipima mitetemo ng'ambo, kuzunguka milima, vingi, vyote visikilize pamoja na vya kwetu. Kazi ni ya nchi zote mbili. Wamemwomba yeye aiongoze.

"Na nyonga?" nilimuuliza.

"Nyonga itabaki ku gari. Mi nitashuka."

Afisa wa mpaka, kijana nadhifu, alikuwa amefungua sanduku moja na kuona kile chungu cha chuma kimelala kwenye sponji. Aliita, "Mama, hii ni yako? Hii ni nini?"

"Ni sikio," alisema Madamu, akirudi kwake na fimbo yake. "Linasikiliza chini."

Afisa akatabasamu. Wanawake waliobeba vitunguu kichwani walisogea kusikia. "Sasa mnaenda kutafuta nini kule chini? Dhahabu?"

"Kutafuta sponji ya mwamba, mwanangu," Madamu alimwambia. "Iko pale, ninaijua. Ninaenda kupima ukubwa yake."

Kijana alimtazama, akafunga sanduku kwa uangalifu, akagonga muhuri. Madamu alipanda kiti cha mbele, akashusha kioo, akanipungia mkono, na gari likavuka.